Jinsi ya kufika kibanda cha Elena mkiwa wazima, wewe na rafiki yako, kabla ya kupanda Margherita

Kiangazi kikikaribia maswali huwa ni yaleyale: buti gani, siku ngapi, baridi kiasi gani, na lile la "mimi na rafiki yangu tunakimbia kila asubuhi, si tutaweza tu?" Nimeona bora niyaweke majibu mahali pamoja na kwa Kiswahili, maana mengi yaliyoandikwa kuhusu Rwenzori, milima ya magharibi mwa Uganda, wameandikiwa wageni wanaotoka mbali, wakati siku hizi vijana wa Kampala, Mbarara, Kasese, hata Goma na Nairobi wanakuja wawili wawili wakitaka kufika juu.

Kupanda barafu kwenyewe sitakufundisha hapa, hiyo kazi ni ya muongozaji wako. Ninachotaka ni ufike Elena, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, ukiwa mkavu, umeshiba na kichwa hakikugongi. Watu wengi wanaoikosa Margherita wanaikosa huku chini kwenye matope, kabla hata hawajafunga kramponi (meno ya chuma ya chini ya buti), na inaniuma kila nikisikia mtu kalipa hela yote ile akaishia kulala Elena anatapika huku mwenzake anamwangalia asijue afanye nini.

Margherita ina mita 5,109, ni ya tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na ndo kilele kirefu cha Mlima Stanley. Njia ninayoieleza ni Central Circuit, inayoanzia Nyakalengija juu ya Kasese. Vibanda vinafuatana hivi: Nyabitaba (karibu mita 2,650), John Matte (karibu 3,400), Bujuku (karibu 3,960) alafu Elena (karibu 4,540). Ukipitia njia nyingine, ya Kilembe, utalala Sine, Mutinda, Bugata, Hunwick's na Margherita Camp, kambi ni tofauti ila mambo ya matope, baridi na kichwa ni yaleyale.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza karatasi. Huruhusiwi kupanda bila muongozaji, na ada ya hifadhi inalipwa kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Raia wa Afrika Mashariki ana bei yake, ndogo kuliko ya mgeni, kwaiyo beba kitambulisho cha taifa au pasipoti yenyewe, usitegemee picha kwenye simu. Upande wa Nyakalengija safari nyingi zinapangwa na Rwenzori Mountaineering Services, ambayo ni ya jamii ya huko, na upande wa Kilembe kuna Rwenzori Trekking Services. Bei zinabadilika, ulizia kabla hujatuma hela, na uliza wazi: chakula kimo? Vifaa vya barafu vimo? Wapagazi wangapi?

Vitu vya kila mtu:

- Gambuti. Ndiyo, buti za mpira zile za shambani. Chukua saizi moja juu ya yako ili soksi mbili ziingie bila kubana.
- Buti ngumu za kupandia barafu, zinazoshika kramponi. Hizi hazitembei kwenye matope, zinabebwa kwenye mzigo zikiwa kavu mpaka Elena.
- Kramponi, hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani ya kufungia kamba), helmeti, shoka la barafu, karabina (pete ya chuma ya kuunganisha kamba). Vinakodishwa hukohuko.
- Koti la mvua na suruali ya mvua. Ponjo peke yake haitoshi, upepo ukija inapaa na wewe unaloa kuanzia kiunoni.
- Begi la kulalia la baridi kali. La kwenda kupiga kambi Jinja halifai hata kidogo.
- Nguo za ndani za kukausha jasho, sweta la sufi au flisi, jaketi nene. Pamba iache nyumbani, jinzi pia.
- Glavu jozi mbili, kofia ya kufunika masikio, miwani ya jua. Ukikosa miwani, mwanga wa theluji unaunguza macho hata kukiwa na mawingu.
- Tochi ya kichwa na betri za akiba. Tochi ya simu usiihesabu.
- Chupa mbili za maji, za plastiki ngumu yenye mdomo mpana.
- Makavera (mifuko ya plastiki) makubwa mazito, yale ya kuwekea nafaka, au mabegi ya kuzuia maji. Chukua mengi.
- Dawa zako, plasta za malengelenge, chumvi za kuongeza maji mwilini, losheni ya jua.

Kwa kushirikiana: fimbo za kutembelea (kila mtu angalau moja), flaski moja ya chai, pauabanki moja, na vitafunwa mnavyovipenda kweli. Hapo kwenye kupenda nimemaanisha. Ukifika mita 4,500 hamu ya kula inakata kabisa, chakula cha afya usichokipenda hutakigusa. Karanga za kukaanga, simsim, biskuti, chokoleti, ndizi za kukausha, hivyo vinashuka.

Hatua kwa hatua

1. Hesabuni siku kabla ya hela

Miezi mizuri ni kuanzia mwisho wa Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Hata hivyo Rwenzori hunyesha mwaka mzima, kiangazi chake maana yake ni mvua kidogo, usije ukaacha koti la mvua sababu umeona jua Kasese.

Sasa siku. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya kama mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Angalia ile orodha ya vibanda tena: kutoka Nyabitaba hadi John Matte ni zaidi ya 700, Bujuku inaongeza kama 550, Elena tena kama 580. Yaani ratiba ya kawaida tayari inakimbia kuliko mwili unavyotaka. Ndo maana nasema ongezeni siku moja Bujuku. Mkiwa na hela ya kitu kimoja tu cha ziada, hiyo siku ndo ya kununua, hata kabla ya vifaa vya gharama.

2. Kaeni chini mkubaliane, wawili tu

Hii hatua watu wanairuka, na mimi naiona kubwa kuliko kufanya mazoezi. Mkishafungwa kamba moja na muongozaji, uamuzi wa mmoja unawahusu wote. Kwaiyo kabla ya kupanda basi, kaeni mahali na chai mjibizane haya:

Mmoja akiumwa, mwingine anaendelea na muongozaji au wote wanashuka? Muulize muongozaji pia kama kuna mtu wa pili wa kumshusha mgonjwa, maana mgonjwa wa mwinuko (anayeumwa kwa hewa nyembamba ya juu) hashuki peke yake, hata kidogo.

Saa ngapi mnageuza siku ya kilele, hata kama kilele kinaonekana? Pangeni saa, mwambieni muongozaji, naye atawaambia kama ina akili. Mimi napenda saa nne asubuhi, baada ya hapo mawingu yanajaa na barafu inalainika.

Nani anatembea mbele? Awe yule wa polepole. Kila wakati.

Na hili la mwisho: kila mtu aape kusema ukweli kuhusu kichwa chake. Muwe mnaulizana kila asubuhi na kila jioni, "Kichwa vipi, umekula, umelala?" na jibu lisiwe "niko poa" tu. Marafiki wanafichana sana, hasa wanaume, kila mmoja hataki kuwa yule aliyemrudisha mwenzake. Mkishakubaliana mapema kwamba anayesema mapema ndo anayesaidia, siku ikifika maneno yanatoka kwa urahisi: "Kaka, kichwa kinagonga tangu kule ziwani." "Sawa, tukae hapa kwanza, kunywa maji." Imeisha, hakuna aibu.

3. Fikeni Kasese siku moja kabla

Kutoka Kampala basi linapitia Fort Portal au Mbarara, siku nzima inaishia barabarani, usipange kushuka kwenye basi uanze kupanda. Lala Kasese au Ibanda. Kutoka Kasese unashika barabara ya Fort Portal alafu unaingia kushoto kuelekea Ibanda na Nyakalengija, bodaboda na gari vipo. Toa keshi kabisa Kasese mjini, ya bakshishi za wapagazi na ya dharura.

Huko wenyeji ni Bakonzo na lugha yao ni Lukonzo, ila Kiswahili kinaeleweka vizuri kwa sababu mpaka wa Kongo uko karibu. Ongea nao. Muongozaji anayeona unaongea naye kama ndugu atakueleza mambo mengi ya njia kuliko yule unayemnyooshea kidole.

4. Jaribuni vifaa palepale kabla ya kuondoka

Msikubali kupewa gunia la vifaa mkaambiwa "viko sawa, twende". Vimwageni chini, angalieni kimoja kimoja.

Kramponi: vaa zile buti ngumu utakazopandia, siyo nyingine, funga kramponi, inua mguu uutikise kwa nguvu. Isicheze. Bakli (vifungio vya mikanda) zikae upande wa nje wa mguu, zikikaa ndani zitanasa mguu wa pili na utaanguka. Kamba zisining'inie. Meno ya mbele yatokeze mbele ya buti. Kisha weka alama ya kushoto na kulia kwa tepu, maana utazifunga tena gizani.

Hanesi: ukanda wa kiuno ukae juu ya nyonga, ubane kiasi kwamba hata mtu akiuvuta chini hauvuki nyonga. Jaribu juu ya jaketi, kwa sababu utavaa juu ya jaketi.

Tochi iwashe. Zipu ya begi la kulalia ifungue na kuifunga mara kadhaa. Gambuti ziangalie kisigino kama hazijapasuka, tundu dogo la Nyakalengija ni soksi nyevu siku zote.

5. Pangeni mizigo kwa sheria ya seti moja kavu

Kila mtu ana nguo za kutembelea na nguo za kulalia. Za kutembelea zitaloa, utazivaa zikiwa nyevu asubuhi na utachukia, lakini baada ya dakika kumi za kupanda mwili unazipasha. Za kulalia ni soksi moja, suruali moja, fulana moja ya mikono mirefu na kofia, zinaingia kwenye kavera, kavera linafungwa, linaingia kwenye kavera la pili, na halifunguliwi mpaka uko ndani ya kibanda mlango umefungwa. Begi la kulalia hivyohivyo. Buti za barafu hivyohivyo.

Watu wanavunja hii sheria siku ya tatu asubuhi. Nguo za kutembelea zimelowa, baridi imeshika, wanasema "acha leo nivae hizi kavu". Jioni hawana kitu, na kule juu hakuna kinachokauka.

Begi lako dogo la mgongoni liwe na koti la mvua juu kabisa, maji, vitafunwa, glavu, kofia. Usimpe mpagazi koti lako la mvua, yeye atakuwa mbele au nyuma yako na mvua haitakusubiri.

6. Siku ya kwanza: Nyakalengija hadi Nyabitaba

Mnapita kando ya mashamba, alafu msitu, mto Mubuku uko karibu, kisha mlima unaanza kusimama. Zaidi ya mita 1,000 za kupanda kwa siku moja, kama saa tano au sita. Kuna joto na jasho, hapa ndo watu fiti wanaharibu safari yao kwa kukimbia. Kama huwezi kuongea sentensi nzima na rafiki yako bila kuhema, punguza mwendo. Kunywa maji mengi kuanzia leo.

7. Siku ya pili: hadi John Matte

Asubuhi mnateremka hadi daraja la Kurt Schafer, pale mito ya Mubuku na Bujuku inapokutana. Mteremko unateleza vibaya, tumieni fimbo, na mkiwa mmoja yuko juu ya mwenzake acheni nafasi ili jiwe likiteleza lisimpate. Baada ya daraja ni mianzi, mawe yenye ukoga, mizizi, kupanda tu. Siku ndefu, saa sita au saba, magoti yanalalamika. Ukifika kwenye miti yenye ndevu za kijani zinazoning'inia ujue John Matte imekaribia. Usiku mnaweza kusikia sauti ya ajabu kama mtu anapiga kelele, ni pimbi, laleni.

Jioni hii ndo ulizaneni kwa makini mara ya kwanza, sababu mmepita mita 3,000.

8. Siku ya tatu: kinamasi cha Bigo hadi Bujuku

Hapa nitakaa kidogo, maana maswali mengi yanahusu hapa.

Bigo ni kinamasi, cha chini na cha juu. Sehemu zingine zimewekwa mbao za kupitia, zingine mnapita kwenye matope yenyewe. Kinamasi kimejaa vishungi vya nyasi ngumu vilivyosimama kama viti vidogo, na katikati yake kuna tope jeusi. Tope jeusi usilikanyage. Linaonekana la kina cha kifundo kumbe linafika gotini au zaidi, na gambuti inabaki humo wewe ukitoka na soksi.

Fanya hivi. Angalia vishungi vitatu mbele, siyo kimoja. Kanyaga katikati ya kishungi kwa unyayo mzima, siyo ukingoni, maana ukingo unakunjika. Usisimame juu yake ukiwaza, kitaanza kuzama au kuyumba, hamisha uzito kwenda kinachofuata kwa mwendo uleule. Fimbo piga kwenye tope kabla ya mguu, ikizama nusu tafuta njia nyingine. Muongozaji akiwa mbele kanyaga alipokanyaga yeye. Mguu ukizama, usiuvute kwa kunyoosha vidole, utatoa mguu bila buti. Kunja vidole juu, shika gambuti juu kwa mikono, zungusha kisigino taratibu ili hewa iingie, kisha inua. Rafiki yako asimame kwenye kishungi imara akupe fimbo, asishuke kukufuata, mtakwama wote.

Suruali ya mvua ivae nje ya gambuti, siyo ndani. Ukiiingiza ndani mvua inashuka kwenye mguu kama mfereji na gambuti inajaa.

Mbao zikilowa zinateleza kuliko tope, hatua fupi, miguu bapa.

Baada ya Bigo ya juu mnafika Ziwa Bujuku, kando yake ni tope tena, alafu kibanda. Mkibahatika mawingu yakafunguka mtaona Stanley, Speke na Baker zimewazunguka. Kaeni nje muangalie, mmefanya kazi kubwa.

9. Siku ya ziada Bujuku

Msilale siku nzima. Baada ya kifungua kinywa pandeni taratibu kuelekea Stuhlmann Pass, njia ya juu kati ya milima, kaeni kidogo huko juu, mrudi mlale Bujuku. Kupanda juu na kulala chini ndo kunaufundisha mwili hewa nyembamba. Mchana kaushieni mnachoweza, kuleni, kunyweni. Jioni ulizaneni tena, na hapa muwe wakali: anayeumwa kichwa kisichopoa kwa maji, chakula na dawa ya kawaida hapandi Elena kesho. Anakaa Bujuku, na akizidiwa anashuka.

10. Bujuku hadi Elena

Ondokeni mapema ili mfike mchana. Asubuhi kunakuwa na uwazi, mchana mawingu na mvua, juu zaidi mvua inageuka theluji. Mnapita bonde la mimea mikubwa ya senecio, linaitwa Groundsel Gully, matope na mizizi hadi kwenye ngazi ya chuma. Kwenye ngazi mtu mmoja mmoja, fimbo zifunge begini, mikono yote miwili ishike. Baadaye njia inagawanyika, moja inakwenda Scott Elliot Pass na kibanda cha Kitandara, nyingine Elena. Kuanzia hapo ni miamba mitupu, ikiwa na barafu nyembamba asubuhi usiiamini gambuti, muulize muongozaji kama ni wakati wa kubadilisha buti.

Mwendo: hatua moja, pumzi moja. Inachosha akili kwenda polepole hivyo lakini saa tatu au nne zinatosha kabisa kwa mtu aliyezoea hewa, hakuna mnachokimbilia.

11. Mchana na usiku wa Elena

Kibanda ni kidogo, kimekaa kwenye mwamba, upepo unapita, usiku maji yanaganda. Mfuatano wangu ni huu, na mfuate hivihivi hata kama mmechoka:

Ingia, vua vyote vilivyolowa, vaa seti kavu mara moja. Kabla ya picha, kabla ya chai. Mwili ukipoa hapa hauwaki tena kirahisi.

Kunywa kitu cha moto. Kule juu maji yanachemka kwenye kama nyuzi 85, yanatosha kuua wadudu, ila maharagwe hayaivi na wali unabaki mgumu, kwaiyo msipange chakula cha kuiva muda mrefu. Uji, tambi za haraka, supu, viazi vilivyochemshwa huko chini. Kuleni kidogo mara nyingi.

Kukiwa bado kuna mwanga, vaeni hanesi, fungeni kramponi, ombeni muongozaji awaonyeshe fundo na jinsi ya kutembea mkiwa kwenye kamba moja. Mfanye mara moja bila glavu, mara moja na glavu. Usiku wa kuondoka vidole havisikii, bakli usiyoijua itakuchukua nusu saa na wenzako wanaganda wakikusubiri.

Muulizeni muongozaji hali ya barafu wiki hii. Barafu ya Rwenzori imepungua sana tangu msafara wa Duke of Abruzzi ulipofika kilele hiki mwaka 1906, na njia inabadilika. Sasa kuna miamba ya kupanda gizani kabla hamjaikanyaga barafu, na nyufa zinahama. Ramani ya zamani au video ya miaka iliyopita haikwambii ya leo.

Pangeni vitu vya asubuhi kwa mpangilio wa kuvaa. Betri za tochi, simu, losheni na glavu vinalala nawe ndani ya begi la kulalia. Chupa moja ya maji ya moto, ifunge vizuri, weka miguuni, inakupasha na asubuhi unayo maji ambayo hayajaganda. Hata buti za barafu ziweke kwenye kavera uzilaze karibu nawe, buti iliyoganda haivaliki.

Laleni mapema. Mtaondoka kati ya saa nane na saa kumi usiku. Usingizi hautakuja vizuri, ni kawaida kwa kila mtu kwenye mwinuko huo, kujilaza tu na joto kunasaidia, msianze kuangalia saa na kuogopeshana.

Makosa yanayojirudia

Kununua buti mpya Kampala na kuzivalia mlimani mara ya kwanza. Zivae nyumbani wiki kadhaa, hata gambuti.

Kumeza Diamox kwa ushauri wa mtu wa mtaani. Inasaidia wengi kuzoea mwinuko, inafanya vidole vichome na mkojo uwe mwingi, lakini wenye mzio wa dawa za salfa inaweza kuwadhuru. Ongea na daktari kabla ya safari.

Dawa za usingizi na pombe Elena. Zote zinapunguza pumzi ukiwa umelala. Hapana.

Kutembea mbalimbali, mmoja mbele saa nzima, mwingine nyuma na mpagazi. Mnakuja pamoja, tembeeni pamoja, ndo njia pekee ya kumwona mwenzako anaanza kuyumba.

Kutegemea simu. Mtandao unashika sehemu chache. Waambieni nyumbani tarehe ya kurudi na jina la mliopanga nao safari kabla ya kuondoka Kasese.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Kichwa kinauma, hamu ya kula hakuna, kichefuchefu.* Ni ugonjwa wa mwinuko mpaka uthibitike vingine. Msipande zaidi. Pumzika, kunywa, dawa ya maumivu. Kikipoa kabisa mnaweza kuendelea kesho, kisipopoa shukeni.

*Anayumba kama mlevi, anaongea vitu visivyoeleweka, au anahema akiwa amekaa, anakohoa makohozi yenye povu.* Shukeni sasa hivi, hata kama ni usiku, hata kama kilele kiko pale. Ubongo au mapafu yanajaa maji na kinachomwokoa ni kushuka. Yeyote aliye karibu amwambie muongozaji, wapagazi wana namna ya kumbeba. Jaribio rahisi: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka kisigino kwa kidole. Akishindwa, mjadala umeisha.

*Anatetemeka bila kuacha, kisha ananyamaza.* Amepoa. Nguo kavu, begi la kulalia, kaa naye karibu, kitu cha moto chenye sukari akiwa anameza vizuri. Mtetemeko ukiacha yeye bado baridi ni hatari zaidi, muite muongozaji.

*Malengelenge.* Ukihisi joto sehemu moja ya mguu simama papo hapo ubandike plasta, usisubiri kibanda.

*Begi la kulalia limelowa.* Sema. Wapagazi na muongozaji mara nyingi wanapata namna, na mkikosa, nyinyi wawili lalaneni mgongo kwa mgongo chini ya begi lililobaki likiwa limefunguliwa kama blanketi, nguo zote kavu mwilini.

*Mvua haijaisha na kesho ndo kilele.* Muongozaji ndo anaamua saa za kuondoka. Mnaweza kusubiri saa moja au mbili, au siku nyingine kama chakula kipo, ndo maana unabeba cha siku moja zaidi.

*Mmoja mzima, mwingine hawezi.* Rudini kwenye yale mliyokubaliana hatua ya 2 na myafuate yalivyo. Msianze kujadili upya saa nane usiku kwenye baridi.

*Kramponi inalegea njiani.* Sema "simama" kwa sauti kwenye kamba, wote wasimame, pigia shoka kwenye barafu kwanza ndo uiname. Ukiwa hujajaribu vizuri hatua ya 4 na ya 11 hili litakupata, kwaiyo zirudie.

Na vile vitu ambavyo hamviitaji kileleni viacheni Elena kwenye kavera moja lenye alama yenu, maana mkishuka mtapita kuvichukua mkielekea Kitandara siku hiyohiyo, miguu ikiwa imechoka, na kutafuta soksi zako kwenye rundo la watu wengine ni kazi.